Misuli Iliyogoma Kurudi

Mwanamke mwenzangu, kama uliwahi kupasuliwa tumbo ukarudi nyumbani na karatasi ya hospitali usiyoweza kuisoma, inuka sasa hivi ukaitafute ulikoiweka. Mpe mtu anayeujua mwandiko wa madaktari akusomee. Ukimaliza, rudi uendelee na mimi. Yangu ilikaa miezi mitano ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, na katika miezi hiyo nilikaribia kurukwa na akili.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Nilifundisha michezo katika shule moja ya msingi huko Njiro, wakati nyumba zenye ukuta na geti zilipokuwa zikiota kila wiki. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Kila mwenye mtaji alifungua duka la dawa, kila mtaa ulikuwa na video yake, na maofisini watumishi wa serikali walisubiri kusikia nani anapunguzwa kazi. Mume wangu, Baba Upendo, alikuwa mmoja wa waliosubiri. Mtoto tulikuwa naye mmoja tu, Upendo, aliyesoma shule ya bweni, na kwa miaka tisa tulikuwa tumemwomba Mungu atuongeze mwingine.

Badala ya mtoto ukaja uvimbe. Nilipasuliwa mwezi wa sita, masika yameisha na baridi ya Meru imeshuka mpaka mjini, wagonjwa wodini tunalala na masweta. Siku ya pili daktari alipita na wanafunzi wake nyuma, akasimama kitandani kwangu kwa muda wa kufunga kifungo. "Uvimbe wote tumeutoa, mama. Utapona," akasema, akaenda kitanda cha pili. Nikamshukuru. Sikuuliza kitu, kwa sababu nimelelewa hivyo: daktari akishasema, umeshaambiwa.

Mama yangu alishuka kutoka nyumbani kwetu, juu ya Maji ya Chai, na ndizi na maziwa, akataka anichukue. Kwetu Wameru mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi mitatu. Hashiki jembe, habebi ndoo, kazi yake ni kula na kulala mpaka mwili umrudie. Mama mkwe wangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Mama aliona kazi hiyo ni yake.

"Aliyefunguliwa tumbo ni mzazi," alisema.

"Mama, mimi sijazaa."

"Tumbo halijui."

Nilicheka mpaka nyuzi zikauma. Mimi mwalimu wa michezo, mwenye cheti cha chuo ukutani, nikafungiwe ndani kulishwa mtori wa ndizi? Mama akafunga kikapu chake akapanda zake mlimani, na kwa jinsi alivyoaga niliona nimemuudhi.

Wiki ya saba nikavaa raba zangu za mitumba nikarudi uwanjani. Siku ile tulifanya mazoezi mepesi tu, kuruka na kupokezana mpira wa netiboli. Kesho yake mapaja yaliuma. Hilo halikunishtua. Kwa miaka kumi na mbili nilikuwa nimewaambia wanafunzi maneno yale yale: kesho utaumwa, kesho kutwa utaumwa zaidi, siku ya tatu maumivu yanaondoka na mguu unabaki na nguvu zaidi ya mwanzo. Nilikuwa nayaamini kama Baba Yetu. Lakini siku ya tatu maumivu hayakuondoka. Siku ya nane nilikuwa bado nashuka ngazi za ofisi ya mwalimu mkuu kwa ubavu.

Nikafanya lile ambalo mwalimu wa michezo yeyote angefanya, nikaongeza mazoezi. Jioni nilianza kwenda kwenye gereji ya jirani mmoja, ambako wake wa mabwana wa mashirika walikuwa na kanda ya video ya mazoezi ya viungo. Mwanamke wa kwenye kanda alirukaruka huku anatabasamu. Sisi tulirukaruka huku tunahema, na mimi niliyeitwa mwalimu ndiye niliyekuwa wa kwanza kukaa chini. Na kwa kuwa kiuno kilikuwa kimeanza kunenepa, nikaacha chakula cha usiku. Baada ya mazoezi nilikunywa chai kavu.

Sasa nikueleze ulivyokuwa mwili, kwa sababu ndio ulionichanganya. Juu nilinenepa, chini nilikonda. Sketi ilinibana kiunoni, na chini yake ilikuwa imebaki miguu miwili myembamba ambayo sikuitambua. Nikichuchumaa chooni, kuinuka ilibidi nishike ukuta. Ndoo ya maji niliyozoea kuiinua kwa mkono mmoja nikawa naiburuta. Hedhi nayo haikurudi, nikadhani tumbo bado linapona kisu. Na joto! Mwezi wa saba, watoto wako mstarini asubuhi wanatoa mvuke mdomoni, mimi jasho linanitiririka mgongoni mpaka blauzi inaganda. Mwalimu mwenzangu aliniuliza kama nimekimbia kuja kazini. Nikasema ndiyo.

Nikaenda kupima malaria. Wakasema ipo kidogo, nikameza dawa, jasho likabaki pale pale. Nikaenda tena, wakasema haipo. Nikaombewa kanisani. Nikanywa mzizi mchungu alioniletea jirani, tumbo likaendesha siku mbili. Kufika mwezi wa tisa niliona jinsi watu walivyoanza kunitazama miguu kabla ya kunisalimia, na kila mtu mzima anakumbuka miaka ile mtu aliyekonda alidhaniwa ana ugonjwa gani. Na mimi nilidhani hivyo hivyo. Nikajipeleka mwenyewe kupima damu, nikasubiri majibu wiki mbili bila kumwambia mume wangu. Majibu yakaja mazuri. Nikafurahi mpaka nilipofika getini kwangu, halafu nikasimama pale nikajiuliza, kama si ule, basi ni nini?

Huko kukaa nisijue ndiko kulikonichosha kuliko maumivu. Ugonjwa wenye jina unaweza kuuchukia. Mimi sikujua nimchukie nani, kwa hiyo nikajichukia mwenyewe. Nilijiona mvivu. Nilijiona nimezeeka ghafla kwa kosa ambalo silikumbuki.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zimeanza, msichana wa darasa la sita alinirushia mpira wa kawaida kabisa. Niliudaka, na magoti yakaachia, nikakaa kwenye tope mbele ya timu nzima. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningesikia nafuu. Mwalimu mkuu aliniita, akaniambia kwa upole kwamba muhula ujao inabidi nipone, ama nipewe vipindi vya darasani na uwanja apewe mwalimu mwingine. Nililia njia nzima. Uwanja ule ndio ulikuwa mimi.

Zahanati niliyokwenda safari hii ilikuwa ya binafsi, mpya, juu ya duka la vitambaa mjini. Chumba cha kusubiri kilikuwa na mabenchi mawili na televisheni isiyo na sauti. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa akifuma kitambaa cha meza. Aliniambia alikianza akija kumuona daktari huyo huyo mara ya kwanza, na sasa amefika kwenye pindo. Akanishikisha ncha ya uzi nimsaidie kuuvuta. Nakumbuka uzi ule kuliko mengi. Kwa saa nzima mikono yangu ilikuwa na kazi ambayo inaiweza.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alisikiliza yote, hakuandika chochote, halafu akauliza, "Karatasi uliyoruhusiwa nayo hospitali iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Inasemaje?"

"Sijui. Imeandikwa kidaktari."

"Kailete, mwalimu. Nitakusubiri."

Nikaenda Njiro nikarudi, nimekikumbatia kile kitabu cha nyimbo na karatasi yake ndani. Aliisoma mara mbili. Akavuta kiti akaja kukaa upande wangu wa meza, na hapo nikajua kuna jambo, kwa sababu daktari hahami kiti chake bure.

"Walikuambia wametoa nini?"

"Uvimbe."

"Wametoa uvimbe, na kizazi, na mifuko ya mayai. Yote miwili."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamuuliza kama karatasi ni yangu kweli. Akanionyesha jina langu.

Alinieleza kwamba mifuko ile ndiyo ilikuwa ikitengeneza homoni za kike, na homoni hizo kazi yake si uzazi peke yake. Joto la mwili linazitegemea, usingizi, mifupa. "Na misuli," akasema. "Ukishaichosha kwa mazoezi, lazima ijijenge upya. Kuna wanaosema homoni hizo zinasaidia hapo."

"Kuna wanaosema?"

"Wengine wanabisha. Sitakudanganya, mwalimu, wanawake hatujachunguzwa vya kutosha." Akanitazama miguu. "Baada ya mazoezi unakula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

"Chai."

Akafumba macho kidogo. "Kila siku unaibomoa nyumba, na hupeleki hata tofali moja."

Aliniandikia mapumziko ya miezi mitatu, nyama na maziwa, na mazoezi mepesi yenye siku mbili za kupumzika katikati. Homoni zenyewe, akasema, hazipatikani mjini, ila zilizomo kwenye vidonge vya uzazi wa mpango zitafaa kwa kuanzia, kwa uangalizi wake. Akanipa pakiti. Nikashuka ngazi nimeishika. Miaka tisa nimetafuta mtoto, sasa sina hata mahali pa kumweka, na nimepewa vidonge vya kuzuia mimba ndio dawa. Nilisimama mbele ya duka la vitambaa, watu wananipita, nikashindwa kujua nilie au nicheke.

Mume wangu nilimkuta sebuleni. Ofisini kwao walikuwa wamepewa likizo ambayo kila mtu alijua si likizo. Nikaweka pakiti na karatasi mezani. Aliangalia karatasi, pakiti hakuigusa, na usoni mwake sikuona mshangao wowote.

"Ulijua," nikasema.

"Waliniita pembeni ukiwa bado chumba cha upasuaji, Mama Upendo. Walisema mifuko imeharibika yote, hawana la kufanya ila kuitoa pamoja na kizazi. Nikasaini."

"Na mimi?"

"Nilidhani watakuambia wenyewe."

"Miezi mitano!"

"Siku ya tatu nilikuja wodini, daktari ameshapita, nikakuta hulii. Nikajua umeshaambiwa, umeamua kunyamaza. Nikasema basi na mimi ninyamaze, nisikutoneshe." Alikuwa akiongea na meza. "Kila ukivaa raba nilidhani unakwenda kukimbia uchungu."

Kumbe tuliishi nyumba moja miezi mitano, kila mmoja akimstahi mwenzake. Sikujua nimkasirikie vipi. Uongo hakusema. Ukweli nao hakusema. Nilifunga begi dogo, nikamwandikia Upendo barua ya uongo kwamba bibi yake ananihitaji, nikaenda kwa Mama.

Mama alinitazama miguu kwanza, uso baadaye. Nikamwambia kila kitu pale pale mlangoni. Hakusema "nilikuambia," na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alisema tu, "Ingia ndani."

Nikaingia ndani kweli kweli. Kitanda chumba cha nyuma, moto pembeni, dirisha dogo linalotazama migomba. Asubuhi uji wa ulezi wenye samli, mchana mtori wenye nyama mpaka kijiko kinasimama, jioni loshoro, yaani ndizi zilizopondwa na maziwa mgando. Kidonge changu nilikimeza kwa uji. Mama alikitazama kidonge kwa mashaka, nami nikautazama ule mtori kwa mashaka, tukavumiliana.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu. Daktari alisema mazoezi mepesi, Mama alisema mzazi hafanyi kazi. Siku moja alinikuta nanyanyua mchi nyuma ya mlango. Akaunyakua. Tukabishana kutwa nzima, na mwisho akakubali kwamba mila inasema mzazi akae ndani, haikusema akae kitako. Basi nikawa nachuchumaa na kuinuka nimeshika nguzo ya kitanda, mara tano, halafu siku mbili nimelala. Yeye anahesabu kutoka jikoni, na akiona nimezidisha anagonga sufuria.

Kwetu mwanamume haingii chumba cha mzazi. Baba Upendo alikuja kila Jumamosi na nyama imefungwa kwenye gazeti, na Mama, bila huruma, akamwekea kigoda nje ya dirisha. Jumamosi ya kwanza tulizungumzia mvua. Ya pili tukazungumzia kazi yake, kwamba jina lake limo kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Ya tatu akasema kupitia dirishani, "Nilikuwa naogopa kulitamka. Nikilitamka ndiyo linakuwa kweli." Alikuwa akilia, nami nilimwona kisogo tu. Sikumjibu siku ile. Lakini wiki iliyofuata nilianza kumsubiri tangu asubuhi.

Huko nje habari ilikuwa imeenea nyumba kwa nyumba kwamba binti wa nyumba ile yuko ndani. Habari yenyewe ni nusu, na nusu hiyo ilitosha. Bibi Ruth, mzee wa nyumba ya juu, akaja na khanga mpya, mayai kwenye kikapu na kipande cha sabuni, vile anavyoendewa mzazi yeyote. "Shikamoo, bibi," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Hongera sana." Alikaa, akaomba dua ndefu, kisha akaanza kuangaza macho kitandani.

"Mtoto amelala wapi?"

Nikamtazama Mama. Mama aliweka sufuria chini. Nilidhani atatunga neno, yeye ni hodari wa kutunga.

"Hakuna mtoto," akasema. "Yupo huyu."

Nilitamani ardhi inimeze. Bibi Ruth akachukua ile sabuni, akaifungua karatasi yake taratibu.

"Basi aoge huyu," akasema.

Wakachemsha maji, hao vikongwe wawili, wakaniogesha mgongo kama alivyoogeshwa kila mzazi wa mteremko ule. Pale ndipo nilipomlilia yule mtoto ambaye hatakuja. Nililia kwa sauti, miezi minane baada ya kisu, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Kuna wasomaji watakaotaka kujua kilichoniponya. Nitakuwa mwongo nikisema najua. Daktari anasema vidonge na chakula. Mama anasema chakula na kukaa ndani, na vidonge anavisamehe tu. Mchungaji anasema maombi. Mimi nasema labda ni usingizi, kwa sababu jasho lilianza kupungua nikalala. Mapaja yalirudi polepole hivi kwamba sikuiona siku yoyote ambayo ningesema ndiyo hii. Kuna wiki yalirudi nyuma. Hata sasa, miaka imepita, nikipanda mlima magoti hunikumbusha, na vidonge daktari ameshavibadilisha mara mbili. Kama na wewe umechanganyikiwa, usidhani kuna ulichokosa kuelewa. Kuna mambo hata wao hawajayaelewa. Uliza tu, uliza tena, na usikubali kuambiwa kupitia kwa mtu mwingine.

Nilitoka ndani mwanzo wa masika. Mzazi anapotoka huenda sokoni, aonekane, na hurudi amebeba kitu mwenyewe. Tukashuka Maji ya Chai, Mama na Bibi Ruth kila mmoja upande wangu, mimi nimevaa khanga mpya, mgongoni sina mtoto. Wauza nyanya walinipongeza kwa kutoka. Hakuna aliyeuliza mtoto. Nadhani Bibi Ruth alikuwa ameshapita nyumba zote. Mama alinunua nusu debe la mahindi, akanitwisha, akatangulia bila kugeuka nyuma. Nilipanda mlima wote na mzigo ule. Nilisimama mara nne. Sikuutua.

Kesho yake, Jumapili, mapaja yaliuma. Jumatatu yaliuma zaidi, kushuka kitandani ikawa kazi, na woga wote wa mwaka mzima ukanirudia. Nikalala nikiwaza kwamba ni yale yale, hakuna kilichobadilika, nimelishwa miezi mitatu bure. Mama aliniletea mtori, nikaula kwa kujilazimisha.

Jumanne niliamka, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikasimama. Nikachuchumaa bila kushika nguzo, nikainuka. Nikarudia. Hakukuwa na maumivu popote. Siku ya tatu, kama nilivyokuwa nikiwaambia watoto.

Nilimkuta Mama akikamua. Nikamwambia, "Mama, haiumi." Aliendelea kukamua mpaka akamaliza, akafuta mikono, akanishika mapaja yote mawili kama anayenunua ng'ombe. Kisha akasema, "Basi nenda kwa mumeo ukamwambie. Nenda sasa. Asije akasikia kwa mtu."

Nilifika Njiro mchana. Baba Upendo alikuwa uani, anamwagilia mboga alizozipanda tangu aachishwe kazi. Aliniona nimesimama getini na begi, akaacha maji yamwagike.

"Miguu imeacha kuuma," nikasema.

"Tangu lini?"

"Leo asubuhi. Mama anajua, na sasa wewe."

Akanisogelea. Halafu akauliza lile swali ambalo kwa miezi yote ile hakuna kati yetu aliyethubutu kumuuliza mwenzake.

"Na mengine yote, Mama Upendo, unajisikiaje?"

Nikaweka begi chini, nikakaa kwenye tuta la mboga, nikaanza kumwambia.